Wanaoruka Kurasa Mia Mbili

Kila anayeazimwa The Lord of the Rings hupewa na onyo lake: vumilia kurasa 200 za mwanzo, mbele kunanoga. Anayetoa onyo hilo si adui wa kitabu. Mara nyingi ni shabiki wa kutupwa, mtu anayejua majina ya farasi na nasaba za wafalme, lakini akifika kwenye nusu ya kwanza ya The Fellowship of the Ring huinamisha macho kama mwenyeji ambaye wageni wamemkuta nyumba haijafagiliwa. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Anzia Rivendell, inapoanza nusu ya pili, wanasema. Au ruka zile sura tatu za Msitu Mkongwe. Au tazama filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2001 kisha ufungue juzuu la pili. Ndiyo hali ya kitabu cha Tolkien kilichotoka London tarehe 29 Julai 1954: wanaokipenda na wanaokiponda hugombana kuhusu kila kitu, ila kwamba mwanzo wake unachosha, hapo wameafikiana.

Makala haya hayaafiki.

Haki itendeke kwanza, maana hoja ya wanaoruka haikuokotwa jalalani. Kitabu kinaanza na dibaji kuhusu hobiti, watu wafupi wenye miguu ya manyoya, na humo mna sehemu nzima inayohusu tumbaku yao. Inafuata sherehe ya kuzaliwa. Kisha mzee Gandalf anakaa karibu na moto kumsimulia Frodo Baggins historia ya pete aliyorithi. Frodo anajua kwamba yuko hatarini mwezi Aprili. Anaondoka nyumbani Septemba inakaribia kwisha. Akishaondoka anatembea, anakaribishwa uyoga kwa mkulima Maggot, anapotea msituni, wenzake wawili wanabanwa ndani ya mti, wanaokolewa na mtu wa koti la buluu na buti za njano ambaye kuimba kwake ni kusema, wanalala kwake, wanakamatwa na mzimu wa makaburini, wanaokolewa tena na yule yule. Aragorn, mrithi wa wafalme, bado hajaonekana. Gandalf kapotea. Zimwi la migodi ya Moria, daraja, kuanguka kwa Gandalf shimoni, yote hayo yamo kwenye nusu ya pili. Mhariri wa leo angeletewa mswada huu, kalamu yake nyekundu ingeisha wino kabla hajafika kijiji cha Bree.

Maelezo hayo ni sahihi. Kosa linaanza pale yanapogeuzwa kuwa hukumu.

Dai la kwanza: hakuna kinachotokea

Jioni ya tarehe 23 Septemba Frodo yuko nje ya nyumba yake, Bag End, tayari kwa safari. Nyumba ameshaiuza kwa Sackville-Baggins, ndugu wa ukoo walioimezea mate miaka nenda rudi, na vyombo vya mlo wa mwisho vimeachwa bila kuoshwa, kazi ya kumkaribisha Lobelia Sackville-Baggins. Giza linaingia. Kule chini ya njia Frodo anasikia watu wawili wakiongea. Sauti moja anaijua: ni ya mzee Gamgee, mtunza bustani aliyestaafu, baba yake Sam, mwandani wa Frodo safarini. Ya pili ni ngeni, ina karaha fulani, na maneno yake hayafiki. Yanayofika ni majibu ya mzee tu, naye anaonekana ameshakereka: bwana Baggins kahama, ujumbe hawezi kupeleka, kwaheri. Nyayo zinateremka kilima. Frodo anashukuru kwamba mgeni hakupanda hadi kwake. Anafikiria kwenda kumuuliza mzee yule alikuwa nani, kisha anaghairi. Amechoka na watu wanaodadisi mambo yake. Anashika njia.

Msomaji mwenye haraka ataandika pembeni: hakuna kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba mmoja wa watumishi tisa wa Sauron, bwana wa uovu anayeisaka Pete, amefika karibu nayo kiasi cha mtu kusikia sauti yake, na aliyemzuia hakuwa na fimbo ya uganga wala upanga. Alikuwa mzee aliyechoshwa na maswali. Kitabu hakisemi hivyo. Kinamwacha msomaji atembee na jambo hilo hadi kesho yake, Sam atakapotaja kwa bahati tu kwamba jana kuna mgeni wa mavazi meusi aliyepita akiulizia jina la Baggins.

Sasa tazama wanaoruka wanavyojikanyaga. Ipo sehemu ya filamu ya 2001 ambapo hobiti wamejibanza chini ya mizizi ya mti, na juu yao mpanda farasi mweusi anainama kunusa hewa. Waulize mashabiki, watakuambia hiyo ni moja ya dakika za kutisha kuliko zote katika filamu. Tukio hilo limetoka kwenye kurasa hizo hizo zinazodaiwa kuwa hazina kitu. Hakuna pigo, hakuna damu, kuna pua tu inayotafuta harufu, na mkono wa Frodo unaoelekea mfukoni. Kwenye skrini ni ufundi. Kwenye karatasi inakuwa kupoteza muda. Tena rasimu za awali, zilizochapishwa na Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi, mwaka 1988, zinaonyesha kwamba yule mpanda farasi anayenusa mwanzoni alikuwa Gandalf tu. Baba mtu aliandika tukio jepesi la barabarani, akalirudia, na rafiki akageuka kuwa adui. Hadithi nzima ya Wapanda Farasi Weusi ilizaliwa kwenye matembezi wanayotaka yafutwe.

Halafu kuna suala la miaka 17. Bilbo, ndugu aliyemwachia Frodo Pete, anaondoka akitimiza miaka 111, Frodo akiwa na 33. Frodo anaondoka siku moja baada ya kutimiza 50. Katikati, Pete inakaa Bag End, nyumbani kwa bwana mmoja asiye na kazi wala mke, na Gandalf, ambaye ana wasiwasi nayo tangu mwanzo, anakuja na kwenda, anachunguza, anaahirisha. Filamu imeibana miaka hiyo mpaka mtazamaji anahisi ni wiki chache: mzee kapanda farasi, kasoma makaratasi, karudi mbio. Anayeridhika na mbio hizo ameibiwa shtaka kubwa. Wenye hekima walikuwa na miaka 17 na hawakufanya lolote la maana. Gandalf mwenyewe anakiri baadaye kwamba alichelewa. Ukiiondoa miaka hiyo kwa sababu inavuta, unamwondolea kosa lake, na anabaki mzee mwema anayekimbizana na saa.

Kuna kichekesho kingine hapa. Mwandishi anayefundishwa namna ya kuanza hadithi ya vita alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto, na mwaka 1916 akawa Somme, ofisa wa mawasiliano katika kikosi cha Lancashire Fusiliers. Marafiki zake wawili wa karibu tangu shuleni hawakuumaliza mwaka huo. Alijua kwamba vitani mtu hutembea sana, hungoja sana, na hupotea njia. Wanaomkosoa wamejifunza vita kwenye trela za dakika mbili.

Dai la pili: Tom Bombadil ni mzigo

Hili ndilo dai lao kuu. Mtu wa koti la buluu hana kazi, wanasema. Hasukumi hadithi mbele. Ukimkata hakuna atakayegundua. Katuni ya Ralph Bakshi ya 1978 ilimkata. Mchezo wa redio wa BBC wa 1981 ulimkata. Jackson akamkata pia, na pamoja naye ukaenda msitu wote na vilima vya makaburi. Kwa kitu kisicho na kazi, kimehitaji makasi mengi.

Wana ushahidi mmoja wa kweli, na afadhali utajwe hapa kuliko kufichwa: Bombadil hakuzaliwa ndani ya hadithi hii. Alianza kama mwanasesere wa watoto wa Tolkien, akaingia kwenye shairi lililochapishwa katika Oxford Magazine mwaka 1934, kisha akahamishiwa kwenye riwaya. Na nyimbo zake, kusema kweli, hazimfai kila mtu.

Lakini kuhamia si kosa. Swali ni amefanya nini alipofika, na hapa wanaoruka hawasemi neno, kwa sababu jibu liko kwenye sura walizoruka.

Ndani ya kaburi Frodo anazinduka na kuwaona wenzake watatu wamelazwa weupe kama maiti, wamevishwa dhahabu, upanga mmoja umelazwa kwenye shingo zao zote. Mkono unatambaa kuelekea kwenye mpini wa upanga ule. Wazo linamjia: avae Pete, ateleze nje, akimbie kwenye majani huku akiwalilia wenzake, lakini akiwa hai. Hata Gandalf angekubali kwamba hakuwa na la kufanya. Ni wazo lenye mantiki zote. Frodo anaokota upanga mfupi ulio pembeni yake na kuukata mkono ule. Hajafundishwa kupigana, hakuna anayemtazama, na Aragorn bado hajaingia kwenye hadithi.

Wale wale wanaoshauri sura hii irukwe ndio walalamikaji wakubwa kwamba Frodo ni shujaa dhaifu, wa kubebwa na kuliwazwa, macho yamejaa machozi. Bila shaka ni dhaifu! Wamemkata mkono wa kulia kisha wanamuuliza mbona hapigani. Filamu imefanya hivyo mara mbili. Kwenye kivuko cha Bruinen, kitabuni, Frodo mgonjwa, peke yake juu ya farasi, anageuka na kuwakatalia Wapanda Farasi Weusi wote tisa. Kwenye filamu Arwen, binti wa Kielfu, ndiye anayewakatalia, Frodo kabebwa mbele yake kama furushi.

Na ule mwisho wa kaburini? Merry, mmoja wa wale watatu, anapozinduliwa, kwa muda mfupi anaongea kwa kinywa cha marehemu. Anasema wamevamiwa usiku na watu wa Carn Dûm, na anashika kifua mahali mkuki ulipoingia. Kisha anashtuka na kushangaa alikuwa anaota nini. Carn Dûm ilikuwa ngome ya mfalme wa Angmar. Bombadil anachagua kwenye hazina ya kaburi visu virefu vinne, vya kuwatosha hobiti kama panga, na kueleza kwamba vilifuliwa zamani na watu waliopigana na mfalme huyo. Mfalme wa Angmar ndiye, kwa jina jingine, mkuu wa Wapanda Farasi Weusi.

Juzuu la tatu, katika vita vya uwanja wa Pelennor, Éowyn, mwanamke mpiganaji, anasimama mbele ya mkuu huyo, na Merry, aliyesahauliwa na kila mtu, anatambaa nyuma yake na kumchoma nyuma ya goti. Msimuliaji anasitisha vita ili aseme kwamba silaha nyingine yoyote, hata mikononi mwa shujaa mkubwa kiasi gani, isingemjeruhi vile, na kwamba mhunzi aliyeifua angefurahi kujua ilichofanya. Upanga huo ulitoka kaburini. Aliyeutoa ni mtu asiye na kazi. Hobiti aliyeushika ndiye aliyesemewa na marehemu. Katika filamu ya 2001 Aragorn anawagawia hobiti panga pale kilimani Weathertop, kutoka kwenye furushi, bila hata kuwaambia alizitoa wapi.

Bado kuna jambo la Pete yenyewe. Bombadil anaiomba, anaivaa, hatoweki. Frodo, akiwa amekereka kidogo, naye anaivaa kujaribu. Bombadil anamwona vilevile na kumwambia aivue. Kila mwenye nguvu katika juzuu hili, Gandalf, Galadriel wa msitu wa Lothlórien, askari Boromir, Aragorn pia, hupimwa kwa kitu hiki, na kinamtisha au kinamtamanisha. Huyu mmoja hakimshiki, maana hana anachokitaka. Wanaoruka huishia hapo na kusema: basi si wampe yeye? Swali hilo linaulizwa barazani Rivendell na linajibiwa. Angeisahau. Angeitupa. Asiye na tamaa ya kutawala hawezi kupewa ulinzi wa ulimwengu, kwa sababu ulimwengu haumhusu kiasi hicho. Jibu hilo ni chungu kwa mtu yeyote anayeamini kwamba wasio na makuu wangeongoza mambo yangenyooka, na halina maana yoyote kwa asiyemjua Bombadil.

Mwaka 2024 biashara ya skrini hatimaye ilimkumbuka, katika msimu wa pili wa The Rings of Power. Ilimhamishia jangwani mashariki na kumpa kazi: kumfundisha mtu mwenye nguvu azitambue nguvu zake. Miaka yote ya kulalamika kwamba hana faida, na walipompata, jambo la kwanza walilofanya ni kumwajiri.

Dai la tatu: Baraza la Elrond ni kikao

Ni kikao. Ni kikao kirefu cha kuamua hatima ya Pete, Rivendell nyumbani kwa Elrond, katika moja ya sura ndefu kuliko zote kwenye kitabu, na watu wamekaa wanasimulia. Ajabu ni kwamba msomaji wa Kiswahili naye amelichukua lalamiko hili kama lake. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, miaka mitatu tu kabla ya Tolkien, nayo sehemu yake kubwa ni mtu mmoja, Karama, amesimama barazani akijitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Vizazi vya wanafunzi vimeisoma darasani, na hakuna mwalimu aliyewaambia wasubiri mapigano. Walijua kwamba hatari iko kwenye maneno.

Kwenye baraza la Rivendell hatari iko pia kwenye maneno. Gandalf anarudia hotuba aliyopewa na Saruman, mkuu wake. Utawala mpya unakuja na haupingiki. Wenye busara wajiunge nao mapema. Maovu ya njiani wayasikitikie, lakini wayavumilie, mpaka siku watakapoweza kuuelekeza wakiwa ndani. Malengo ni yale yale, njia tu ndiyo inabadilika. Hakuna Mtanzania aliyefuatilia siasa za miaka ya karibuni anayehitaji maelezo ya hotuba hiyo. Ameshawasikia wanaohamia chama walichokuwa wakikitukana jana, tena kwa lugha laini ya kuunga mkono juhudi.

Filamu ilifanyaje? Wazee wawili walirushana ukutani kwa fimbo. Hotuba ilipunguzwa hadi sentensi kadhaa, halafu vurugu. Kitabuni hakuna ngumi hata moja. Gandalf anakataa, anapelekwa juu ya mnara, anaachwa huko. Aliyeona fimbo anajua Saruman ana nguvu. Aliyesoma hotuba anajua Saruman ana hoja, na hilo ni tishio la aina nyingine kabisa.

Barazani humo Boromir anauliza swali ambalo kila mwenye akili timamu angeuliza: tunayo silaha, kwa nini tusiitumie? Kwenye filamu analiuliza, kunazuka kelele, hobiti anapaza sauti, basi. Kitabuni anajibiwa kwa utulivu, hatua kwa hatua, na jibu halimridhishi. Swali linambakia moyoni hadi kilima cha Amon Hen, mwisho wa juzuu, anapojaribu kumpora Frodo. Kitabu hiki kilikuwa kinamaliziwa miaka michache baada ya 1945. Katika dibaji ya toleo la pili Tolkien alieleza kwamba kama hadithi yake ingefuata vita halisi, Pete ingekamatwa na kutumiwa dhidi ya Sauron, na hobiti wangedharauliwa na pande zote mbili. Anayeruka Baraza ameruka swali hilo, kisha anasema Tolkien hana siasa.

Dai la nne: juzuu la kwanza ni kionjo cha trilojia

Hili halihitaji maneno mengi. Hakuna trilojia. Tolkien aliandika riwaya moja yenye vitabu sita, kuanzia Desemba 1937, baada ya mafanikio ya The Hobbit. Mchapishaji wake, George Allen & Unwin, aliigawa mara tatu kwa sababu gharama za karatasi na uchapaji baada ya vita zilikuwa juu, na kitabu kimoja cha ukubwa ule kingekuwa na bei ya kufukuza wateja. Kampuni ilikuwa imejiandaa kwa hasara ya pauni 1,000, na mkataba ulimnyima mwandishi malipo mpaka gharama zirudi, ndipo wagawane faida nusu kwa nusu. Kwa hiyo juzuu la kwanza linakemewa kwa kutotimiza masharti ya kitu ambacho halikuwa. Linaambiwa halina kilele chake, halina mwisho wake, halimnasi msomaji mapema ili anunue la pili. Uamuzi wa mhasibu umegeuzwa kuwa kanuni ya sanaa.

Tolkien alilijibu lalamiko la urefu mwenyewe, kwa dharau ya kiungwana: kasoro moja aliyokubali kuiona ni kwamba kitabu ni kifupi mno.

Edmund Wilson naye, mhakiki maarufu wa Marekani, alikishambulia katika jarida la The Nation mwezi Aprili 1956 kwa kosa la kinyume: ni cha kitoto. Alikuwa amemsomea binti yake wa miaka saba kitabu chote kwa sauti. Wengine wanasema kinachosha watu wazima, yeye akasema kinafaa watoto, na mtoto wake alikaa akasikiliza juzuu tatu. Wote hawawezi kuwa sahihi.

Gharama ya kuruka

Gharama iliyofichika ni kwamba anayeruka hawezi hata kukikosoa kitabu ipasavyo, na kitabu hiki kina ya kukosolewa.

Mfano ni tabaka. Kwenye sura ya kwanza mzee Gamgee yuko baa, anawaambia wenzake kwamba bwana Bilbo amemfundisha Sam kusoma na kuandika, na anaomba jambo hilo lisije likaleta madhara. Sam anaingia safarini kwa kukamatwa sikio, akidukua dirishani. Kufuatana na Frodo ni adhabu anayopewa. Kati ya hobiti wanne, Merry ni mtoto wa bwana wa Buckland, Pippin ni mtoto wa mkuu wa Shire, nchi ya hobiti, Frodo anaishi kwa urithi, na mmoja tu ndiye aliyewahi kushika jembe. Huyo ndiye anayepika, na ndiye anayeita wenzake mabwana. Mwandishi analiona jambo hili au linampita? Ni swali zuri, na ushahidi wake wote umo kwenye kurasa 200 za mwanzo. Vivyo hivyo kwa wanawake: kwenye Shire kuna Lobelia wa kuchekwa, kwa Bombadil kuna mkewe Goldberry wa kuandaa meza, na wanapoteuliwa watembezi tisa wa kuisindikiza Pete hakuna hata mwanamke mmoja. Aliyeanzia Rivendell analalamikia tisa hao bila kujua kwamba orodha ilianza kuandikwa mapema zaidi.

Na mzee Gamgee hajamaliza. Huko Lothlórien, Sam anachungulia kwenye kioo cha maji cha Galadriel na kuona miti ya kwao ikikatwa, mtaa umefukuliwa, na baba yake anateremka kilima na vitu vyake vichache kwenye toroli. Anataka kurudi nyumbani papo hapo. Galadriel anamwonya kwamba kioo huonyesha mengi, na si yote hutokea. Huenda anayeacha njia kwenda kuzuia jambo ndiye atakayelisababisha. Sam anakaa chini, anaamua kwenda mbele na Frodo, huku anajua. Kwa aliyeruka Shire, huyu ni mtumishi anayelilia mzee asiyejulikana na miti isiyo na jina.

Alichokiona ni kweli. Karibu na mwisho wa juzuu la tatu hobiti wanarudi na kukuta Shire imegeuzwa kambi ya kazi, bia imepigwa marufuku, mzee Gamgee kaondolewa nyumbani, na bosi anayeendesha mambo kutoka Bag End ni Saruman, yule yule wa hotuba ya kujiunga mapema. Anauawa hapo mlangoni, na mtumishi wake mwenyewe. Ili kifo hicho kieleweke msomaji anahitaji kuujua mlango, kumjua mzee na kuisikia hotuba. Yote matatu yako kwenye juzuu la kwanza, kwenye sehemu zinazorukwa. Jackson alipotoa filamu yake ya tatu mwaka 2003, baada ya kuukata msitu, kuibana miaka 17 na kuipunguza hotuba, tatizo hilo alilimaliza kwa njia moja tu iliyobaki: sura nzima ya kuikomboa Shire hakuitengeneza.